Mzee amenishusha hadi nambari hamsini na nane

Leo mzee wangu ameharibu kazi yangu ya wiki mbili kwa jibu moja.

Kwa gemu ya basketiboli nimetengeneza mchezaji, nikampandisha mpaka ikasemekana timu za ligi zikichagua wachezaji wapya, yeye atakuwa wa tatu.
Ilibaki intavyuu tu.

Kocha wa gemu akauliza, "Kwa nini tukuchague wewe?"

Mzee alikuwa hapo kando na chai yake.
"Bonyeza hilo jibu la chini. 'Kuna wenye wananishinda, lakini nitajaribu.' Mtu hajisifu, kijana."

Nikabonyeza. Mzee ni mzee.

Tukachaguliwa wa hamsini na nane, karibu mwisho wa orodha.

Mzee akapiga makofi. "Si umepata?"

Huyu ndiye hunifunza majibu kila nikiitwa intavyuu ya kazi.

Sasa niulizeni mbona Jumanne mchana niko nyumbani nikicheza gemu.