Bakuli la Zubeir

Dahiba alikuwa jirani yangu kule kwetu ukingoni mwa Nile, akawa jirani yangu tena huku tulikohamishiwa, kwa hiyo habari zake msiniambie mimi. Wapo wanaosema alikuwa na kiburi. Kiburi gani? Mtu hana wa kuzungumza naye, mnataka azungumze na ukuta?

Mumewe, Okasha, alikuwa bawabu Kairo, kwenye jumba la matajiri. Wanaume wetu karibu wote walikuwa huko, mabawabu na wapishi, sisi tukabaki na mitende na watoto. Okasha alikuja mara moja kwa mwaka, pengine hata mwaka ukapita, akishuka kwenye boti ya barua na kanzu yake nyeupe, na mdomoni hana jingine ila Rais. Abdel Nasser kafanya hili, Abdel Nasser kasema lile. Mwaka Rais alipoutaifisha mfereji wa Suez, Okasha alileta picha ya huyo Rais wake ndani ya fremu, akataka kuitundika ukutani mahali pa sahani za arusi za mkewe. Dahiba akazishusha sahani zake, picha ikapanda.

"Angalau huyu nitamwona kila siku," akaniambia.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Zubeir. Nge alimuuma asubuhi, kufika alasiri amekufa. Okasha alipopata habari maiti ilishazikwa, na alipokuja likizo nyasi zilishaota. Kwetu kila kaburi huwekewa bakuli kichwani, likajazwa maji ili marehemu asione kiu. Wengine tulijaza Ijumaa kwa Ijumaa. Dahiba alijaza kila siku ya Mungu, na huko ndiko alikokuwa akizungumza, si kwetu.

Ndipo likaja bwawa. Rais alitaka umeme na mashamba kwa nchi nzima, na nchi nzima ikashangilia, ila ardhi iliyotakiwa kuwa ziwa ilikuwa yetu. Siku ya kuhama tuliyabusu makaburi, tukajaza mabakuli mara ya mwisho. Dahiba alilala juu ya kaburi la mwanawe, ikabidi tumwinue wawili. Alipoinuka, bakuli alikuwa nalo mkononi.

"Mama Zubeir," nikamwambia, "bakuli la kaburini halirudishwi nyumbani."

"Sasa nimwachie nani? Samaki?"

Huku tukapewa nyumba za saruji zilizopangwa mistari, na kijiji kikapewa jina lilelile la zamani, eti tusione tofauti. Mto huuoni hata ukipanda juu ya paa. Okasha alipokuja kutazama, alimkuta mkewe amekaa na lile bakuli mapajani. Maskini, alitaka kumliwaza.

"Usihuzunike, mke wangu. Wewe ulikuwa unampelekea bakuli moja. Rais kampa ziwa zima."

Nilikuwepo, natamani nisingekuwepo. Dahiba aliinuka, akaigeuza ile picha ikatazama ukuta, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo mumewe hakusikia kwake zaidi ya "chakula tayari" na "safari njema". Hata sisi tulipunguziwa maneno. Sinai ilipopotea vitani na Rais akasema redioni kwamba anajiuzulu, watu walimiminika njiani kumsihi abaki. Dahiba alikuwa kizingitini akichambua mlenda, hakuinua kichwa.

Miaka mitatu baadaye Rais akafa. Alizikwa Kairo, lakini watu wa mikoani nao walitaka kumsindikiza, wakabeba majeneza matupu yenye picha yake. Wanaume wetu walitoa jeneza msikitini, wakakosa picha nzuri. Sheikh Mirghani akaja mwenyewe kwa Dahiba kuiomba ile ya fremu.

"Chukueni," Dahiba akasema. "Mnamzika wapi?"

"Yuko Kairo, dada. Sisi tunamlilia na kumsalia tu."

"Jeneza halina kitu?"

"Halina."

"Na inafaa?"

"Mpendwa huliliwa popote alipo," Sheikh akasema.

Basi tukalia. Na mimi nililia, mimi ambaye nyumba yangu iko chini ya maji yake. Moyo wa mtu ni msitu, msiniulize.

Kesho yake Dahiba alikuwa makaburini na jembe. Alitengeneza tuta fupi, la kimo cha mtoto, akaweka bakuli kichwani. Sheikh akaja mbio.

"Dahiba, kaburi bila maiti ni uzushi."

"Jana ulibeba jeneza tupu begani, Sheikh. Lilikuwa zito?"

Sheikh akageuka, akarudi alikotoka. Tuta likabaki.

Okasha alikuja baada ya arobaini, sauti imemkauka. Alitusimulia alivyotembea kwenye yale mazishi, alivyopoteza kiatu kwenye msongamano, alivyolia mpaka akazirai. Dahiba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua mtungi, akamwambia amfuate, na mimi akaniashiria nije. Sijui kwa nini. Pengine alitaka shahidi.

"Nani huyu?" Okasha akauliza mbele ya tuta.

"Zubeir."

"Zubeir hayuko hapa."

"Najua hayuko. Lakini wewe umeshajifunza kumlilia asiyekuwepo. Hata sisi huku tulilia mbele ya jeneza tupu. Basi mlilie na mwanao."

Okasha akasimama. Nilimwona anajaribu, na nilimwonea huruma, kwa sababu uso wake ulikuwa ukitafuta kitu haukioni. Akachuchumaa, akalitazama lile tuta kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hivi," akasema taratibu, "alikuwa na miaka mingapi?"

Dahiba alimimina maji mpaka bakuli likajaa, akaukung'uta mtungi.

"Okasha," akasema, yeye ambaye maisha yote alikuwa akimwita Baba Zubeir, "treni yako ni ya saa ngapi?"