Mwaka Niliposhika Udongo

Wanaume wa umri wangu hapa Kampala wakipata pesa hununua gari la pili au kiwanja cha tatu. Mimi nilinunua visu. Nasema wazi, tena bila kubana sauti: kama yuko mtu kutoka Mbuya mpaka Wandegeya mwenye visu kama vyangu, ajitokeze. Nitamkaribisha chai, na nitakuwa nimeshamshinda kabla kikombe hakijapoa.

Shule niliiacha darasa la tano. Baba alikuwa askari, Mnubi mwana wa Mnubi, wa uzao wa askari waliotoka Sudani, na mimi nilizaliwa kambini, kwa hiyo Kiswahili changu ukikikuta kimevaa buti, usishangae. Kilichonisomesha ni kisu. Nilianza Wandegeya, nikimkatia mtu nyama kwenye kibanda, nyama iliyokwenda kwenye vihoteli vya wanafunzi wa chuo kikuu. Leo nina mabucha yangu mwenyewe, la Bugolobi likiwa kubwa kuliko yote, na nyumba kilimani Mbuya, na sebuleni kabati la kioo lenye taa ndani. Humo ndimo visu vinamolala. Si visu vya dukani. Kila kimoja kilitengenezwa na mhunzi kwa mkono wake, kwa kuagizwa, na hakina pacha.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mzuri kuliko yote tangu nianze. Ulifunguka na kisu cha Karamoja, kile cha duara kinachovaliwa kama bangili, makali yakiwa upande wa nje, yamefunikwa kwa mkanda wa ngozi ili yasimle mwenyewe. Mzee aliyenipatia alinivisha kwa mkono wake, akanigeuzageuza kama mshonaji anayepima koti. Halafu kikaja kile cha Afrika Kusini, kwa fundi ambaye hatujawahi kuonana uso kwa uso. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinitafsiria kwenye simu. Fundi yule anakunja chuma kama mtu anavyokunja chapati, anakigonga, anakikunja tena, na akimaliza anakichovya kwenye asidi, mistari iliyojificha inajitokeza. Siku nilipofungua kifurushi nilikaa chini, sakafuni, mimi na suruali yangu ya pasi. Chuma kilikuwa na maji ndani. Nilikipeleka dirishani, na kila nilipokigeuza maji yalisogea, mawimbi madogo madogo kama ya ziwa asubuhi kabla ya upepo. Nilijiuliza, maji haya yalikuwa wapi siku zote, chuma kikiwa bado chuma tu?

Nilimpelekea mama. Ninaishi naye, macho yake yamepungua, lakini vidole vyake vinaona. Alikipapasa mgongoni taratibu.

"Kizuri," akasema. "Kimechinja nini?"

Nikamwambia hiki si cha kuchinja, hiki ni cha kutazama.

Mama yangu hana haraka ya kusema. Alinirudishia kisu kwanza. "Una visu vya dunia nzima, na Iddi ikifika unamwita kibarua akuchinjie. Baba yako alikuwa na kisu kimoja, mpini umefungwa waya, na tulikula kwa mkono wake mpaka siku alipokufa."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba mwaka huu nyama ya mkono wa kukodi hataigusa. Atakula maharage. Na mama yangu akitaja maharage, nunua maharage. Nilicheka, lakini usingizi haukuja upesi. Sikuhitaji daktari anieleze kwamba Iddi za mama zilizobaki si za kuchezea.

Kisu cha baba kilipotea zamani, tulipohama kambi. Vile vya kabatini havikufaa, vyote vifupi kwa shingo ya ng'ombe dume, na mimi sichinji mbuzi, watu watasema nini? Cha bucha nacho, cha kiwandani, sikutaka. Nilitaka kisu changu, kilichozaliwa kwa ajili ya mkono wangu. Ndipo nikaambiwa kuhusu Msamia wa Katwe.

Wasamia ni watu wa mpakani na Kenya, na chuma wamekijua tangu babu zao walipokuwa wakikiyeyusha kutoka kwenye mawe. Huyu alikuwa na kiwanda chake nyuma ya magereji, kitambi mbele, na mdomo mkubwa kuliko wangu, jambo ambalo si la kawaida. Nilianza kujitambulisha, akanikatiza.

"Wewe ndiye yule tajiri anayefunga visu gerezani?"

Nikamwambia ni kabati la kioo, tena la bei.

"Hata jela ina dirisha," akasema, na mafundi magari wote wakacheka.

Alinieleza masharti yake akiwa amekaa, mimi nimesimama. Hatengenezi kisu kwa kipimo cha maneno. Mteja anashika donge la udongo mbichi, wa ufinyanzi, na mpini unatoka kwenye alama za vidole. Kisu kikishakamilika, mteja anakata nyama nacho mbele yake, na yeye anaila nyama hiyo. Kisu na mkono visipopatana, anakivunja papo hapo, na hakuna kubembelezana. Babu yake alifanya hivyohivyo na majembe: mkulima alilima tuta moja mbele ya mhunzi kabla ya kuondoka na jembe. Nikasema sawa. Mtu aliyekata nyama Wandegeya atashindwaje kukata nyama Katwe?

Akaniletea udongo wa Kajjansi, umekandwa kwenye kijiti. "Shika."

Nikashika. Nilishika kama ninavyoshika visu wageni wakija nyumbani kunipiga picha kwa simu zao: ngumi imejaa, kidole gumba kimelala juu, kifua mbele. Msamia akautazama udongo, akanitazama mimi, akauweka kando bila mzaha hata mmoja. Kwa mtu mwenye mdomo ule, ningepaswa kuogopa.

Nilikwenda kumtazama akifanya kazi, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote nilikuwa nakusanya vifaranga bila kumjua kuku. Chuma kilikuwa springi ya lori, kizito, cheusi, kimechoka na barabara. Kwenye moto kikawa chekundu, kikawa rangi ya chungwa, na nyundo ilipokishukia kikalainika, kikarefuka, kikafuata kilikoitwa. Alipokichovya kwenye mafuta kililia, na kelele ile iliingia ndani ya meno yangu. Halafu akakirudisha kwenye joto kidogo, kidogo sana, akaniambia nisogee. Rangi ikaanza kutembea juu ya chuma yenyewe. Ikaja ya majani makavu, ikaja ya asali, na nyuma yake zambarau ilikuwa inanyemelea. Kwenye asali akakitoa. Alisema ukichelewa pumzi moja, makali yanakuwa laini na kisu kinakuwa mwiko. Mpini aliukata kwenye pembe la ng'ombe wa Ankole, akaupasha na kuuchonga akifuata udongo wangu, shimo kwa shimo.

Siku ya kukijaribu nilipeleka paja zima la ng'ombe. Msamia alilitundika kwenye mnyororo wa kuinulia injini. Mafundi wakaacha magari yao, wakajipanga. Nikavaa aproni nyeupe, nikasema bismillahi, nikaingia.

Kisu kiligeuka mkononi.

Nikashika upya. Kikageuka tena, kama sabuni ya kipande inayotoroka bafuni. Mahali ambapo nyama hujifungua yenyewe ukiigusa vizuri, mimi nilichimba mtaro. Fundi mmoja, mwenye spana mkononi, akauliza kama yule ng'ombe alikuwa ameshakufa au ndiyo kwanza namuua. Nilijikaza, nikasema labda mpini una mafuta. Msamia akakichukua, akakipangusa vizuri kwa kitambaa, akakibana kwenye jiliwa na kukigonga mara moja. Kilivunjika kwa sauti ndogo tu, kama kijiti. Nilitamani kingelia zaidi.

Akanionyesha pale kilipovunjika. Ndani kulikuwa na chembe ndogondogo za kijivu, kama unga. "Chuma hakina kosa," akasema. Kisha akalileta lile donge langu la udongo, limeshakauka, akalishika kama mwalimu anavyoshika daftari la mtoto. "Mkono huu ni wa mtu anayepigwa picha. Nilikutengenezea kisu cha picha, kama ulivyoniagiza. Nenda kakate nyama, tajiri. Ukichoka mpaka usahau kwamba una mkono, rudi."

Iddi ilikuwa inakaribia. Ningeweza kutafuta mhunzi mwingine, Katwe haina upungufu. Lakini nilikuwa nimeiona asali ile juu ya chuma, na mtu akishaiona hawezi kwenda kwingine.

Kesho yake nilifika buchani Bugolobi kabla ya mchinjaji kuleta nyama, nikamtuma mkataji wangu akakae kwenye kaunta, nikachukua kisu cha kawaida na nikasimama kwenye gogo. Wateja wa kwenye fleti hawanijui, wananiona tu nikipita na gari. Mama mmoja alinisubiri, akapumua, akasema, "Ssebo, bwana, mbona unapapasa? Yule kijana wa siku zote yuko wapi?" Wafanyakazi wangu wakatazama dari. Nikamwomba radhi, mimi mwenye jengo, nikamwongezea ini.

Siku za kwanza mkono ulivimba. Mke wangu aliukanda kwa maji ya chumvi akiniuliza kama mabucha yamefilisika na bado sijamwambia. Lakini asubuhi moja, sikumbuki nilikuwa nawaza nini, labda sikuwa nawaza kitu, paja lilijifungua. Nilisikia kisu kikiteleza kati ya nyama na nyama, palepale Mungu alipopaachia nafasi, na kipande kikaja mkononi kizima, kinang'aa, bila kuchanika. Nilisimama nikakitazama. Kumbe kazi ile ilikuwa bado imo ndani yangu miaka yote, kama maji yale ndani ya chuma cha Afrika Kusini, inasubiri mtu aikunje na kuigonga. Niliendelea mpaka jioni, na nilipomaliza nilipanda boda vilevile, mafuta mpaka kwenye viwiko, nikaenda Katwe.

Msamia hakunisalimia hata. Alinipa udongo. Nikaushika bila kujua nimeushika vipi.

Aliugeuza mbele ya moto muda mrefu. Akanionyesha kidole gumba, hakikuacha hata alama ya maana. Akanionyesha kidole cha mwisho, kile kidogo, kilichozama mpaka kijiti kikaonekana. Akasema hicho ndicho kinachofanya kazi, vingine vinasindikiza. Halafu akatia kidole chake kwenye shimo moja chini, karibu na kifundo cha mkono, akalipapasa tena.

"Nani alikufundisha kushika kisu?"

Nikamwambia ni baba, nikiwa mdogo, kambini, tukichinja kuku.

"Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto."

Hakuniuliza, alikuwa ananiambia. Na ni kweli. Baba alitumia kushoto kwa kila kitu, mpaka wazee msikitini wakanung'unika, naye akawajibu kwamba Mungu ndiye aliyemuumba hivyo, wakamuulize. Mimi nilikaa mbele yake na kumwiga kwa mkono wa kulia, kama mtu anavyojiiga kwenye kioo, na kifundo changu kikajifunza kuinama upande usio wake. Baba amelala kaburini miaka mingi. Picha yake hatuna hata moja. Na hapa, nyuma ya magereji ya Katwe, mtu ambaye hakumwona kamwe alikuwa amemkuta ndani ya donge la udongo. Msamia mwenyewe alicheka kwa furaha, akawaita mafundi magari waje waone jinsi alivyo hodari, na kwa mara ya kwanza sikumwonea wivu mtu anayejisifu.

Kisu cha pili kilipita. Alikula nyama yake akiwa amekaa, akalamba vidole, akasema chumvi imepungua, basi.

Siku ya Iddi, baada ya swala, tulimlaza dume uani kwa kamba, akaelekea kibla. Nilikuwa nimekificha kisu nyuma ya kanzu ili asikione, kama baba alivyokuwa akifanya. Nikataja jina la Mungu, nikapitisha. Sikukisikia kisu. Nakuapia, nilisikia mkono tu, kama mtu anayepitisha kiganja juu ya maji. Wanangu wote walikuwa wamesogea karibu, hata yule asiyeachia simu.

Mama alikuwa barazani. Watu wa nyumbani wakamwambia nimechinja mwenyewe, akawajibu kwamba wote mle ndani wanakula chakula changu, watasemaje vingine. Akaniita. Hakuomba kisu, aliomba mkono wangu. Nikampa, bado una damu. Akaufungua, vidole vyake vikatembea mpaka chini ya kiganja, pale mpini unapokaa, ambapo ngozi ilikuwa imeanza kuwa ngumu. Akapabonyeza.

"Baba yako alikuwa na sugu hapahapa," akasema. "Mkono wa pili."

Ini lilipoiva alikula, akaomba tena.

Kisu kile hakimo kabatini, kwa hiyo ukija kwangu usikitafute. Kiko buchani Bugolobi, kimetundikwa juu ya gogo, na asubuhi nyingi utanikuta nacho. Kabatini nimeweka donge la udongo, la pili, katikati ya cha Karamoja na kile chenye maji. Wageni huniuliza kwa nini nimeangazia taa tope. Nawafungulia kioo, nawaacha watie vidole vyao kwenye mashimo, mmoja baada ya mwingine, madaktari, wafanyabiashara, hata kanali mmoja. Vidole havikai.