Damas Kashindye na Nyakati za Kiingereza

Damas Kashindye alikuwa tarishi wa mahakama mjini Tabora, enzi za Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba cha pili, umbali ambao hata kuku angeuvuka bila kuhema. Lakini kaki yake ilipigwa pasi ikasimama kama bati, na alipopita mtaa wa Mtendeni jioni watu walimwita "Bwana Serikali." Hakumsahihisha hata mmoja.

Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani, akarudi kwao upande wa Ulyankulu na bega lililopinda pamoja na Kiswahili, na watu wakasema amefaidi. Baba yake aliambulia maneno machache ya Kijerumani, karibu yote ya kuamrisha. Damas aliona kuwa sasa ni zamu yake, na zamu yake iliangukia Kiingereza.

Akaenda kwa Mwalimu Justus. Huyu aliacha seminari ikiwa imebaki kidogo tu awe padri, kwa sababu ambayo mji mzima uliijua na hakuna aliyeitaja mbele ya mkewe. Jioni alifundisha Kiingereza nyuma ya duka la vitambaa, akiandika kwa chaki kwenye mlango wa mbao.

"Leo ninakwenda, I go," alisema Mwalimu. "Na jana nilikwenda?"

"I goed," alijibu Damas, kifua mbele, kama mtu anayevishwa nishani.

"I went."

"Went ndiyo nani tena, Mwalimu?"

"Ndiyo go yule yule, ila wa jana."

Damas alikasirika kweli. "Kiswahili unachomeka li katikati, mambo yamekwisha. Hiki kitenzi kinabadili jina kama mtoro wa jeshi!"

"Wenyewe wamependa hivyo," alisema Mwalimu Justus. "Kaa chini."

Alikaa, na kusema kweli alijitahidi. Alikariri njiani, alikariri akinyoa ndevu, alikariri mbele ya chakula. "I eat ugali. I ate ugali. I have eaten ugali."

"Baba Flavia," mkewe Apolinaria alimwambia, "ugali ni huo huo mmoja. Ukiumaliza kwa Kiingereza, usije ukauomba tena kwa Kiswahili."

Baada ya miezi kadhaa Damas alikuwa na jana, leo na kesho. Akajiuliza, mtu mwenye siku zote hizo amepungukiwa na nini? Hapo ndipo Mwalimu Justus alipofuta mlango na kutangaza kwamba sasa wanaingia kwenye mambo ambayo hayakutokea: ningefanya, ningalifanya, kama ningejua.

Damas akacheka. "Mwalimu, serikali inashughulika na mambo yaliyotokea. Yasiyotokea nitayapeleka wapi?"

Isitoshe, wiki ile alikuwa amenunua helmeti nyeupe ya jua, na kofia ya namna ile haifai kukaa gizani nyuma ya duka. Inataka barabara. Akaacha masomo, akawa anatembea.

Haukupita muda, Bwana Anselm, mkalimani wa siku nyingi, akashikwa na mgongo hata akashindwa kusimama. Damas akajipendekeza ashike nafasi yake. Hakimu alikuwa Mwingereza mgeni, bado mwekundu wa shingo, naye alimwita ofisini amfanyie mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa swali moja: je, unasema Kiingereza?

"I speak, I spoke, I have spoken, sir," alijibu Damas.

Hakimu, ambaye raketi yake ya tenisi ilikuwa tayari juu ya meza, aliridhika kabisa.

Ifahamike kwamba hakimu naye alikuwa amesomea Kiswahili, tena amepasi mtihani wa serikali. Siku moja alimwuliza mshtakiwa, "Wewe utaiba mbuzi jana?" na hakuna aliyecheka. Mtu mkubwa hakosei. Akisema utaiba jana, jana inasogea kidogo kumpisha.

Basi ikaja kesi ya Lugembe, mfugaji wa Ziba. Banda la josho la serikali lilikuwa limeungua, paa la nyasi na mapipa ya dawa. Lugembe alikuwa amewahi kusema hadharani kwamba dawa ile inababua ng'ombe wake, na kwa mtazamo wa serikali mtu mwenye maoni ni nusu ya mchomaji. Shahidi alikuwa mmoja tu, mlinzi wa josho. Alieleza kwamba jua lilikuwa limeshazama, akaona moshi, kisha akaona mtu mrefu anakimbia. Ziba nzima ni warefu, lakini Lugembe alikuwa mrefu aliyepatikana.

Aliposimamishwa kizimbani hakutetemeka.

"Mimi bwana," alisema, "ningetaka kuchoma banda lile, ningelichoma mchana kweupe, watu wote wakaniona. Mimi simwogopi mtu."

Macho yote yakamgeukia mkalimani. Damas alivuta pumzi. Kile kipande cha ninge kilimpita mbele kama mtu asiyemfahamu, naye hakukisalimu. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujiamini, kwamba mshtakiwa alitaka kuchoma banda. Kwamba alilichoma mchana, watu wote wakamwona. Na kwamba hamwogopi mtu.

Hakimu aliinua kichwa. Moto uliwaka jioni, shahidi alikuwa ametoka kusema hivyo muda ule ule, na sasa mshtakiwa anakiri kuuwasha mchana. Hakimu mwingine angeuliza. Huyu wetu aliona kwamba mtu akikiri si adabu kumbana kwa habari ya saa. Akasema atakunywa chai, kisha atatoa hukumu.

Damas alitoka barazani akiwa amevimba kwa fahari. Nyamizi, mke wa Lugembe, mama wa makamo aliyestahili shikamoo na hakuipata, akamsogelea.

"Baba, umemwambia nini mzungu? Mbona amefurahi?"

Hapo karibu alikuwa amekaa Bwana Anselm, kiuno kimefungwa kitambaa, amekuja kuona ni nani aliyempokea kiti. Damas hakuweza kuiacha nafasi kama ile. Akayarudia maneno yake yote ya Kiingereza, pole pole, huku akimtazama mzee kwa pembe ya jicho.

Anselm alisikiliza mpaka mwisho. "Umesema he burned?"

"Ndiyo. Burn, burned. Kitenzi chepesi, hakina ujanja."

"Na ninge ya mwenzako umeiweka wapi?"

Damas akayapitia maneno yake upya kwa vidole, na ninge haikuwamo.

"Umemkirisha mtu kosa," alisema Anselm kwa upole, maana mgongo haukumruhusu kupaza sauti. "Miaka ya jela hiyo."

Jasho likashuka ndani ya helmeti. Tusimpambe Damas kwa sifa ambazo hakuwa nazo: jambo la kwanza lililomjia si Lugembe, ni kaki mpya ya ukalimani aliyoahidiwa. La pili ni Mtendeni nzima ikimwangalia akibeba mafaili tena. Akatafuta moyoni njia ya kunyamaza kwa heshima, na angeipata, maana njia hizo ni nyingi. Lakini Nyamizi alikuwa bado amesimama pale pale.

"Baba, mume wangu amesema ningetaka," alisema. "Nilikuwapo. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Damas akavua helmeti, akaiweka sakafuni, akaingia.

Hakimu alikuwa amekwisha kukaa na kuanza kusoma hukumu. Damas akamkatiza, jambo ambalo hakuna mkalimani aliyewahi kulifanya katika chumba kile.

"Sir, the man did not burned."

Hakimu akamtazama.

"He is not burn, sir. If he... he will... yesterday, if..."

Hakimu akamwuliza kwa ukali kama anatafsiri au anatoa ushahidi. Kiingereza chote cha Damas, cha jana, cha leo na cha kesho, kilimtoroka kwa mkupuo. Akabaki na lugha ya babu yake.

"Bwana Mkubwa, kosa ni langu. Mtu huyu alisema ninge. Mimi sijui ninge kwa Kiingereza, nikaitupa."

Hakimu, aliyepasi mtihani wa serikali, akauliza, "Ninge ni nini?"

Ilibidi Bwana Anselm aingizwe, ameshikwa mabega huku na huku, ili amfundishe hakimu na mkalimani kwa pamoja. Aliwaeleza kwamba Lugembe alizungumzia moto ambao hakuuwasha. Lugembe akaulizwa upya, akarudia maneno yale yale, safari hii kwa hasira zaidi. Ikabaki ile habari ya mtu mrefu, na hata hakimu aliona kwamba haitoshi kumfunga mtu. Akamwachilia. Kisha akatamka kwa kirefu kwamba vurugu yote imeletwa na mkalimani wa kienyeji. Kuhusu moto wa jioni uliokiriwa mchana hakutamka neno. Damas akarudishwa utarishi hapo hapo.

Nje, Lugembe alimkuta ameinama anaokota helmeti yake.

"Wewe bwana," alisema, "umenifunga kwa Kiingereza, ukanifungua kwa Kiswahili. Sasa nikushukuru kwa lugha gani?"

Damas alipangusa vumbi la helmeti kwa mkono wa shati.

"Mshukuru kwa Kisukuma, kisha twende," alisema Nyamizi. "Safari ni ndefu na ng'ombe wana kiu."

Mtendeni ilimpa jina jipya kabla jua halijatua: Bwana Ninge. Wengine walimwamkia hivyo mbele ya mkewe. Apolinaria hakucheka. Alimpakulia chakula na kumwambia, "Kesho urudi kwa Mwalimu."

Alirudi. Mwalimu Justus hakumuuliza alikuwa wapi. Alichukua chaki akaandika mlangoni fungu la maneno: kama ningehudhuria ningejua, akamtaka alisome kwa Kiingereza mbele ya wenzake. Damas akalisoma. Akalisoma tena alipoambiwa. Ilimchukua muda mrefu kuliko go na went, maana zamu hii kila alipokariri alimwona mtu mrefu kizimbani.

Anselm alipostaafu, hakimu alikuwa mwingine, na Damas akapewa tena ile kazi. Akawa mkalimani wa kuchosha kuliko wote waliowahi kusimama pale. Kila shahidi alimsimamisha: "Umesema nime au ninge? Rudia." Kesi ya mbuzi mmoja ilikula asubuhi nzima. Hakimu alipiga miayo, makarani walipiga miayo, mbuzi mwenyewe alilia nje kwenye kamba. Damas hakukubali kuharakishwa. Alifuta uso, akamgeukia shahidi, akamwomba aanze tena tangu mwanzo, pole pole.