Kompyuta Zote Sanduku Moja la Posta

Enzi zetu, mtu akikuuliza anwani yako, ulimtajia sanduku la posta la kanisa. Pale mtaani kwetu Ilomba, Mbeya, hakuna aliyejua nyumba yake ni namba ngapi. Mgeni alielekezwa kwa mparachichi na kwa mbwa mkali, na akipotea ni shauri yake. Barua lakini zilifika. Mzee wa kanisa alizichukua posta, na Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye ngazi akaita majina. "Mwakalinga! Mama Atu! Sanga, Sanga yupo?" Ukiitwa ulipita katikati ya watu kifua mbele, na kabla hujafika nyumbani mtaa mzima ulishajua kwamba shangazi wa Tunduma kaandika. Watoto wa siku hizi wanafunga simu kwa alama ya kidole utadhani wameficha dhahabu humo ndani. Sisi barua zetu jirani alizijua kabla yetu, na zikiwa na habari ya msiba, jirani huyohuyo ndiye aliyekusaidia kulia.

Msidhani hatukuwa na mtandao. Tulikuwa nao, wa maganda ya viberiti viwili na uzi katikati. Mmoja anasimama jikoni kwenye harufu ya viazi vinavyochemka, mwingine kule kwenye ua wa majani, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio, halafu mnanong'onezana. Uzi ukilegea, sauti inakata. Ukiuvuta sana, unakatika, na uzi wenyewe ni wa cherehani ya mama. "Nyie watoto, uzi wangu unaongea nini huko?" Ndivyo alivyotuuliza, na ufagio mkononi, kwa hiyo jibu letu lilikuwa ni kukimbia.

Basi nilipoingia sekondari kule upande wa Uyole, nikamkuta Madam Zainabu. Alikuwa mwalimu wa Jiografia, binti wa mwenye duka pale mjini, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. Alikuwa ameziomba kompyuta chakavu kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa, akazileta shuleni juu ya magunia ya viazi. Tuliruhusiwa kuzigusa baada ya kuvua viatu mlangoni, kwa sababu vumbi, alisema, ndiyo malaria ya kompyuta. Sakafu ya saruji ile, na baridi ya Mbeya! Tulijifunza kompyuta tukisimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi zimetoboka, na chumba kizima kinanuka mnachokijua.

Mkuu wa shule hakukipenda kile chumba. Alikitaka kiwe ghala la mahindi ya bweni, na tukisema ukweli, mahindi tulikuwa tunayala kila siku na kompyuta hatuzili. Akampa Madam sharti moja. Siku ya wazazi, wazazi waone zile mashine zinafanya kazi ya maana. La sivyo, magunia yanaingia, mashine zinarudi stoo, na Madam anarudi kwenye mito na milima yake. Madam hakubishana. Alikuja darasani macho mekundu, akatuambia, "Wanangu, mtanisaidia. Tutazifanya ziandikiane."

Akatufundisha. Kompyuta moja peke yake, alisema, ni mtu aliyejifungia ndani, hata awe na akili vipi. Ukitaka ziongee, kila moja uitolee waya, na waya zote zikutane kwenye kile kikasha cha taa ndogo kinachoitwa swichi. Ujumbe hauendi mzima mzima. Unakatwa vipande kama kabati linalofunguliwa skrubu ili lipite mlangoni, na upande wa pili vipande vinaungwa tena. Kila kipande kinaandikwa kinakotoka na kinakokwenda. Kwa hiyo kila mashine ni lazima iwe na anwani, namba nne zenye nukta katikati. Akaandika mfano mmoja ubaoni, akatuachia kazi ya kuziingiza, yeye akaenda kwenye kikao.

Tukaziingiza. Siku ya wazazi ilikuwa kesho yake, na mashine zote zikagoma. Hii inalalamika, ile inalalamika, ujumbe hautoki wala hauingii. Tukalaumu waya. Tukalaumu panya. Rafiki yangu Vumilia, msichana wa bwenini aliyetoka Ilula kwa wakulima wa nyanya, akaanza kulia kimyakimya. Madam aliporudi akainama kwenye mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nani kaweka anwani moja kwenye mashine zote?"

Tukatazamana. Vumilia akafuta pua. "Wote tumeweka, Madam. Si zinakaa chumba kimoja?"

Nani angetulaumu? Nyumba yetu ya watu tisa, anwani moja. Kanisa zima, anwani moja. Shule nzima, sanduku moja. Mtu kuwa na anwani yake peke yake tulikuwa hatujawahi kuona, labda mkuu wa mkoa.

Madam alicheka mpaka akakaa chini kwenye ile saruji baridi. "Hata dukani kwetu ni hivyohivyo, nusu ya mtaa wanatumia sanduku la baba. Lakini kule yupo baba wa kuita majina. Humu ndani nani ataita?" Akainuka, akachukua chaki. Namba za mwanzo zifanane, akatuambia, hizo ndizo mtaa wetu, zinaonyesha tu majirani. Ile ya mwisho kila mmoja awe na yake, hiyo ndiyo mlango wako. Tukabadilisha moja baada ya nyingine, na zile taa ndogo za swichi zikaanza kukonyeza. Sijaona nyota nzuri kama zile.

Kesho yake wazazi walijaa, mama zetu kwa vitenge, na viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini. Mkuu alisimama kizingitini na viatu vyake miguuni. Baba yake Vumilia, aliyekuja na tenga la nyanya kwa ajili ya walimu, akakalishwa kwenye mashine yangu karibu na mlango. Mwanawe alikuwa kona ya mbali, dirishani.

"Msalimie binti yako, baba," Madam akamwambia. "Huyu atakuandikia."

Mzee akakohoa. "Andika, kamwene."

Nikaandika salamu yao ile ya Kihehe, nikabonyeza. Chumba kizima kikageuza shingo kumtazama Vumilia. Akainamia kioo. Nikamwona Madam ameshika ushungi wake kwa mikono miwili. Halafu uso wa Vumilia ukafunguka taratibu, kuanzia machoni, akasahau kabisa kwamba anatakiwa aandike, akasimama na kupaza sauti, "Kamwene, baba!"

"Kwa maandishi, Vumilia!" Madam akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Aliweka kidole kwenye waya wa mashine yangu, akaufuata ukutani mpaka kwenye swichi, akaufuata mwingine mpaka dirishani kwa mwanawe, akipita katikati ya wazazi kwa soksi zake. "Kumbe inafika," akasema. "Haya, mwandikie tena. Mwambie yule mbuzi wake kazaa mapacha." Na sote tukageuka tena kuangalia uso wa Vumilia.

Mkuu akainama, akafungua kamba za viatu, akaingia. "Mahindi tutayatafutia pengine," akasema.

Siku hizi wanangu hawajui hata kama simu zao zina anwani, zinapewa zenyewe tu hewani. Wanachojua ni kulia bando likiisha, kama watu waliofiwa. Siwacheki sana, maana na mimi siwezi kulala bila hiyo simu.

Mwezi uliopita nilimwandikia Vumilia, ambaye sasa ana familia yake hukohuko Ilula, kwamba mama yangu amelazwa na hali si nzuri. Tiki zikageuka bluu papo hapo. Akanijibu, "Pole sana rafiki yangu, tunaomba kwa ajili yake." Ni jibu zuri, na najua limetoka moyoni. Lakini nilikaa pale kwenye benchi la hospitali na simu mkononi, nikatamani ningeweza kugeuza shingo nimwone anavyosoma.