Nanga kwenye Lori la Likawage

Wasomaji wangu, juzi nililetewa habari kwamba dereva mmoja wa zamani wa Kilwa Kivinje, aliyekuwa akiendesha lori baina ya pwani na Likawage, amefariki dunia. Nilipokwenda kuhani, mjane wake aliniambia, "Alhamdulillahi, bwana, amefia kitandani, nimemshika mkono. Miaka yote ile nilidhani nitaletewa maiti kutoka porini." Sioni haya kusema kwamba nami nilishusha pumzi.

Madereva wenzake walikuwa wakimcheka. Wao waliondoka na jeki, debe la maji na majigambo. Yeye alikuwa na matairi ya namna mbili: mapana ya kiangazi, ambayo aliyapunguza upepo yasizame mchangani, na membamba ya masika, yanayokata tope mpaka yakaupata udongo mgumu chini. Tena alibeba mbao, sepetu, kamba nene za makumbi ya nazi za kuzungushia magurudumu yasiteleze na, mtanisamehe nikicheka, nanga nzima ya chombo. Akipita sokoni hakosi wa kumpigia kelele: "Bwana we, leo Likawage au kisiwani Songo Mnara?" Naye hucheka nao, akakaza mizigo yake, akaenda zake.

Masika moja dada yangu, aliyeolewa huko Likawage, alishikwa na uchungu nami nikiwa kwake, kukakucha mara ya pili mtoto hajazaliwa. Mkunga akasema wazi kwamba hapo pamemshinda, apelekwe hospitali Kivinje. Kwa bahati lori la bwana yule lilikuwa kijijini. Tukamlaza dada juu ya magunia, tukaondoka. Kwenye mbuga ya udongo mweusi, matairi membamba na yote, lori likazama. Tuliweka mbao, zikamezwa. Mti wa kufungia kamba haukuwapo hata mmoja. Dada alikuwa ameacha kupiga kelele, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele zenyewe. Ndipo bwana yule alipoishusha nanga, akaifukia mbele ya lori, akafunga kamba yake kwenye gurudumu la nyuma. "Kaeni mbali na kamba!" akatupigia kelele, akatia moto. Gurudumu likaikunja kamba taratibu, na lori likajivuta lenyewe mpaka pakavu. Magharibi haijaingia tulikuwa hospitalini, na baada ya muda nikasikia kitoto kinalia, kisha sauti ya dada ikiomba maji. Nilikaa chini pale barazani nikalia.

Nilipomshika mkono bwana yule na kumsifu ushujaa wake, alinishangaa. "Ushujaa gani, ndugu yangu? Njia ile naiogopa, wallahi. Ningekuwa siogopi, ningebeba nanga ya nini?"

Siku hizi malori yanaongezeka, na kijana akishika usukani tunamsifu kwanza kwa kutojali. Sifa hizo sizitoi, kwa sababu najua hofu niliyoiona mimi. Haikumzuia mtu yule kwenda Likawage. Ilimfanya afikirie mapema kila mahali patakapomkwamisha, akachagua tairi kwa udongo wa huko aendako, si kwa sifa za sokoni. Mashujaa wa njia ile niliwajua wengi, na wengine tulikwenda kuwachukua porini, wamefunikwa shuka. Dada yangu alifikishwa na mwoga.