Kijiji kilikuwa shamba, mkutano ukaitishwa ofisini

Wakuu, salaam.

"Nani amekupa hilo tangazo?"

Mwenyekiti wa kijiji chetu aliniuliza hivyo mbele ya watu, na mimi na degree yangu ikabidi nijibiwe na mama. Nasimulia kama ilivyokuwa. Asiyeamini afike Ifakara, avuke daraja la Kivukoni, aulize.

Kwa wasiojua: huku bonde la Kilombero mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji kinahama. Mashamba yako mbali, hivyo familia zinaishi kwenye vibanda huko huko mpaka mavuno. Kijijini wanabaki wanafunzi, wagonjwa na wenye maduka.

Kazi kubwa ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Unagonga debe kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Ukizubaa asubuhi moja, unavuna majani.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, ajira hakuna, nikaenda kuamia na mama.

Mahitaji tulikuwa tunaagiza kwa Mzee Salumu, mwenye duka kijijini, anatuma kwa bodaboda. Asili yake Pwani. Amezeekea kwetu lakini bado watu walimwita mtu wa kuja. Mimi nilikwenda mbali zaidi: niliamini wenye maduka na viongozi lao moja.

Siku moja nikafungua mzigo. Paketi ya chumvi imeviringishiwa karatasi. Nikaikunjua.

Tangazo la mkutano mkuu wa kijiji, siku nne mbele, ofisini. Ajenda ya tatu: kumpatia mwekezaji eneo la kando ya mto.

Wakuu, eneo hilo ndipo nilipokuwa nimesimama. Ekari zetu tatu za hapo ndizo mama alizotulelea tangu baba afariki.

Nikamwambia mama twende mkutanoni.

"Ndege hawana mwenyekiti," akasema. "Tukiondoka, wao wanafanya kikao hapa."

Jirani akadakia kutoka kibandani kwake: "Degree, hiyo karatasi inaweza kugonga debe?"

Hapo nikauona mchezo. Hakuna aliyekatazwa kuhudhuria. Wamechagua tu wiki ambayo ukienda unapoteza mpunga, usipoenda unapoteza shamba. Baadaye muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameridhia.

Nikauliza: kwani nani kasema mkutano ni jengo?

Mama akaligonga debe, akanigeukia. "Basi waje wao. Sisi tuko kazini."

Tukamwandikia mwenyekiti barua. Nikapita nayo kibanda kwa kibanda, anayejua kusaini akasaini, asiyejua akaweka dole gumba. Bodaboda akaipeleka. Ujumbe ulikuwa mfupi: kijiji kiko huku, mtufuate.

Na mwenyekiti akaja, maana bila sisi asingekuwa na mahudhurio ya kuandika. Alikuja na viatu vya ofisini, kwenye tope lile.

Mkutano ukafanyika juu ya tuta. Kila akifika kwenye neno maendeleo, ndege wanatua, watu wote wanageuka kugonga madebe, anaanza upya.

Mama mmoja akamwambia kwa upole, "Endelea baba, tunakusikia. Ni hawa wenzako tu wana njaa."

Ndipo mwenyekiti akaniona na tangazo mkononi, akanigeukia na lile swali. Nikababaika, maana kweli nilijua limenifikia kwa bahati tu.

Mama akanijibia: "Limekuja na chumvi."

Watu wakacheka, kura ikapigwa. Wanaokubali, mikono mitatu. Wanaokataa, yakanyanyuka madebe.

Shamba lipo mpaka leo. Msinipongeze, mwekezaji alihamia kijiji cha jirani, na huko walikuwa shamba pia.

Nilichojifunza: ukisikia wanavijiji hawana mwamko, usikubali haraka. Uliza mkutano uliitishwa wiki gani, na watu walikuwa wapi. Tunaitwa wavivu wa kuhudhuria na watu wanaokula mchele wetu.

Kwenu vijijini mikutano inaitishwa lini? Semeni, na mnaotetea viongozi karibuni pia, tubishane.

Ila kuna jambo nimelijua mwaka jana tu, kwenye msiba wa Mzee Salumu. Mjane wake alinivuta pembeni akaniambia lile tangazo mzee alilibandua ubaoni mwenyewe.

Nikarudi nyumbani kumuuliza mama. Hakushangaa hata kidogo.

"Siku ile tuliagiza sukari na mafuta ya kupikia," akasema. "Chumvi hatukuagiza."