Injini Yangu Ndani ya Gari la Kaberia

Siku niliyoanza kuuchukia mlio wa gari langu mwenyewe naikumbuka vizuri, mjukuu wangu Mwenda, na kwa kuwa umeniuliza kwa simu ununue Landrova ipi kati ya zile mbili ulizoziona, nitakujibu kwa kuanzia siku hiyo. Mimi sikukanyaga darasa. Haya ninayatamka, na dada yako Kendi anayaandika. Nimemwonya asipunguze ukali wala asinipambe.

Umesema moja iko Majimbo, hapo Embu unapoishi, nayo imetolewa injini ya asili ikawekwa ya dizeli, ya pikapu. Nyingine iko huku kwetu Maua, kwa mzee Kaberia, na mjukuu wake anayeiuza amekuambia kwamba injini yake ni ya asili. Kisha ukaongeza kwamba rafiki yako wa kazini ana Landrova yenye injini yake ya kuzaliwa, na kwamba yeye na wenzake huwacheka wenye injini za kubadilishwa. Hapo ndipo nilipomwita Kendi alete kalamu. Sauti yako ilipotaja gari la huyo rafiki niliitambua. Ilikuwa sauti yangu ya ujana.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi, na nilikuwa na Landrova. Injini yake ilikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani, ya petroli, isiyo na haraka. Kazi yangu ilikuwa kubeba miraa, ambayo hutafunwa ikiwa mbichi, kutoka mashamba ya juu mlimani hadi Maua, ambako wafanyabiashara waliipakia kwenye pikapu zinazokimbia Nairobi. Wenye mashamba wote wa ukingo ule wa mlima walikuwa wamenipa mimi kazi hiyo peke yangu. Mvua ikinyesha, njia ile iligeuka matope ya kumeza buti, na gari langu lilipanda polepole kama mtu anayehesabu hatua zake, lakini lilipanda. Haikupita siku hata moja miraa ikanyauka mikononi mwangu. Kwa kazi hiyo nilimwoa nyanya yako, na kwa kazi hiyo wazee walisogea kunipisha kwenye benchi, ingawa nilikuwa kijana.

Kisha Kaberia akanunua ya kwake. Kaberia ni wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukapona katika kibanda kimoja, na mtu wa namna hiyo kwetu amezidi ndugu. Humnyimi chakula, humshtaki kwa watu wa nje, na akipata kitu unapaswa kufurahi pamoja naye. Mimi nilifurahi kwa mdomo tu. Gari lake lilikuwa na injini ya pikapu, na siku hiyo ninayoikumbuka alinipita kwenye kilima cha mwisho kabla ya Maua, akapiga honi mara mbili kunisalimu, akapotea. Nilipofika sokoni alikuwa amekwisha kunywa chai.

Wapakiaji waliniona nikiingia.

"Bwana," mmoja akaniuliza, "hiyo gari yako inatembea ama inaomba ruhusa?"

"Wachana na yeye," mwenzake akasema. "Anaogopa kuamsha injini."

Kaberia alicheka pamoja nao, kisha akaniagizia chai. Ile chai sikuinywa. Nilikwenda kushusha mzigo.

Tangu siku hiyo, mwanangu, sikuwa na gari. Nilikuwa na wivu wenye magurudumu manne. Niliendesha nikiwa nimefungua dirisha ili nisikie kama yuko nyuma yangu. Nilijua amebadilisha oili lini na matairi yake ameyatoa wapi. Mlio wa injini yake niliutambua kutoka ng'ambo ya bonde, nao ulinichoma kama pilipili iliyoingia kwenye kidonda. Nikisikia amekwama mahali, nilikula kwa hamu. Nyanya yako alivumilia majuma kadhaa, kisha akaniambia, "Wewe unaendesha gari yako ukiangalia ya Kaberia." Nilimwamuru anyamaze. Hilo nalo nalijutia.

Nikaenda Meru mjini kwa fundi Athumani, aliyekuwa na gereji karibu na msikiti. Yeye ndiye aliyemwekea Kaberia injini ya pikapu. Alifungua boneti, akaniambia niwashe, akainamisha kichwa akasikiliza kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao.

"Ina ugonjwa gani?" akauliza.

"Haina ugonjwa. Haina mbio."

"Mimi si fundi wa mbio, kijana. Ya Kaberia niliitoa kwa sababu ilikuwa imepasuka. Alinunua gari likiwa hivyo. Nilikaa nalo wiki tatu. Nilitafuta rejeta kubwa zaidi ya kupoza injini, nikatafuta giaboksi inayokubaliana na hiyo injini, tukapeleka karatasi mpaka namba ya injini mpya ikaandikwa kwenye logbuku, cheti cha gari. Yako nikutolee kwa nini?"

"Kwa sababu nataka."

"Hiyo si sababu. Rudi nyumbani. Siku ukipata sababu, mimi niko hapa."

Sababu nilikuwa nayo, ila isingetamkika mbele ya mtu mzima. Ningemwambia nini? Kwamba rika langu amenipigia honi?

Nilimpata fundi mwingine, ambaye jina lake nitaliacha lipumzike, akaimaliza kazi kwa siku mbili. Alikata ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva ili injini ya dizeli ya pikapu iingie. Rejeta aliiacha ile ile ndogo. Vyuma vya kuishikilia injini alivichomelea harakaharaka, na kuhusu logbuku hakuna aliyeuliza. Injini yangu ilinunuliwa na mtu aliyetaka kuendeshea kinu cha kusaga mahindi. Ilipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mimi nikiwa nimeipa mgongo nikiangalia mpya.

Kwa siku chache nilikuwa mfalme. Nilimpita Kaberia kwenye kilima kile kile nikapiga honi mara tatu. Alininyooshea mkono akitabasamu. Nilikasirika kwa sababu yeye hakukasirika.

Kisha mvua zikaja kwa nguvu, na siku moja wateja wa Nairobi wakataka mzigo mkubwa kuliko kawaida. Ukingo mzima ulichuma. Wenye mashamba walifunga vifurushi katika majani ya migomba, wakavipanga ndani ya gari langu hadi juu, na wawili kati yao wakapanda ili washuhudie mauzo. Tulipofika katikati ya mwinuko, gari lilichemsha. Mvuke ulipita mahali palipokatwa ukanijia miguuni, na ile dizeli, iliyokuwa nzito kupita ya kwanza, ikazamisha pua ya gari kwenye matope. Nilipolazimisha, chuma kilichochomelewa kikakatika na injini ikalala upande.

Tulikaa pale alasiri nzima. Sakafu ya gari ilikuwa moto kama kikaango. Majani ya migomba yalianza kutoa jasho, na mmoja wa wale wawili, mzee mwenye shamba kubwa kuliko wote, alifungua kifurushi chake akaonyesha vichipukizi vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeusi. Alikifunga tena taratibu.

Kaberia ndiye aliyetutoa. Alikuja na gari lake, akapakia vile vifurushi vilivyoweza kuokolewa, vingine vikaachwa kando ya njia kwa ajili ya mbuzi. Nilingoja anicheke. Kama angenicheka, ningekuwa na kitu cha kushikilia. Hakucheka.

Kesho yake yule mzee aliniita.

"Kuanzia leo atapakia Kaberia," akasema.

"Kwa siku ngapi, mzee?"

"Sikutaja siku."

Hivyo ndivyo nilivyopoteza ukingo mzima, na sikuupata tena maishani mwangu.

Baada ya hapo nilikwenda kwa yule mtu wa kinu, nikitaka kuirudisha injini yangu ya kwanza. Nilikuta injini nyingine ikinguruma pale. Akaniambia kwamba ile yangu imekwisha chukuliwa, na aliyeichukua ni Kaberia. Nilitembea kwa miguu hadi kwake, na njiani sikumwitikia mtu salamu.

"Umechukua kazi yangu," nikamwambia kabla sijakaa, "na sasa umechukua injini yangu."

"Injini uliiuza, kazi uliiacha kwa matope. Kaa chini."

"Sikai. Irudishe."

"Hapana. Sikiliza, wa rika. Wewe ulikuwa na injini nzima ukaitoa. Mimi nilinunua gari yenye injini imepasuka, nikaweka ya pikapu kwa kukosa. Miaka miwili nimeisikia yako ikipanda pale kwa kanisa bila kukohoa. Nilikuwa nasimamisha kazi ya shamba niisikilize. Nimekuonea wivu mpaka bibi yangu akanicheka."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Nimwonee nani tena? Ni wewe ulikuwa nayo."

Niliketi. Mkewe akaleta uji. Baadaye fundi Athumani aliiweka injini ile kwenye gari la Kaberia, na safari hii pia namba yake ikaandikwa kwenye logbuku kama inavyotakiwa. Mimi gari langu lilioza nyuma ya nyumba hadi kuku wakataga ndani yake. Nilipompata mtu wa kulinunua, alisoma namba kwenye karatasi, akasoma iliyo kwenye chuma, akanitazama kama mwizi, akaenda zake.

Kwa hiyo ujue, mwanangu, kwamba injini wanayokuambia ni ya asili kwa Kaberia si ile iliyozaliwa na gari lile. Huyo kijana hakudanganyi. Hakuwa amezaliwa, na babu yake si mtu wa maneno mengi. Injini ile ni yangu. Imepita mbele ya lango langu asubuhi baada ya asubuhi tangu wakati huo, na mpaka leo, nikiwa mzee wa kuongozwa na fimbo, ikipita naacha kutafuna. Kaberia na mimi tunasalimiana, tunakaa benchi moja kanisani, tumezika watu pamoja. Lakini wivu wangu haujazeeka nami. Uliposema gari hilo linauzwa, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "Linunue leo." Nililimeza. Halikuwa shauri kwako. Lilikuwa tamaa yangu mwenyewe, na nilitaka kuitimiza kwa mkono wako.

Sasa shika haya, na uyashike kama ninavyoyasema. Gari unalitaka la kwendea kununua mbuzi kwa wafugaji wa Mbeere, kwenye joto na vumbi, na kuwaleta Embu. Basi likague kwa macho ya kazi hiyo. Nenda Majimbo, usiende na rafiki yako, nenda na fundi. Muulize mwenye gari swali lile ambalo Athumani aliniuliza mimi: kwa nini injini ya kwanza ilitolewa? Akikujibu kwamba ilipasuka, au kwamba safari zake zilihitaji dizeli, endelea kumsikiliza. Akianza kukusimulia habari za magari ya watu wengine, muage. Taka kumjua fundi aliyeiweka, uongee naye. Tazama kama rejeta iliongezwa, chungulia vyuma vinavyoishika injini, angalia palipokatwa paliachwaje. Lipakie mzigo, ulipandishe kilima wakati wa jua kali, kisha ushuke uone kama linachemsha. Na usitoe hata neno la ahadi kabla hujasoma namba ya injini kwenye chuma, kwa kidole chako, ukailinganisha na ya logbuku.

Likishinda hayo yote, linunue hilo la Majimbo, waache wenye injini za asili wacheke. Kicheko chao hakitakubebea mbuzi. Likishindwa, ndipo uje kwa Kaberia, nalo ulikague vilevile, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu babu yako hawezi kuliamulia kwa haki. Injini ya kuzaliwa si heshima, na ya kubadilishwa si aibu. Aibu ni kuchagua gari huku shingo imegeukia uani kwa jirani. Mimi niliitupa nzima kwa kuwa mwenzangu alikuwa na mpya. Wewe unataka kukataa inayokufaa kwa kuwa mwenzako ana ya zamani. Ugonjwa ni ule ule, na nimekaa nao muda mrefu kiasi cha kuutambua kwa simu.

Baraka za kwetu hutemwa kwa mate kifuani, na mate hayaandikiki, Kendi ameniambia. Basi gari lolote utakalolipata, lilete kwanza hapa nyumbani. Nitakutemea wewe, nitalitemea na boneti yake. Mungu akupe safari za kwenda na kurudi, akupe mbuzi wanaosimama imara njiani, na akupe masikio yanayoridhika na mlio wa gari lako. Hilo la mwisho mimi nililinyimwa, ndiyo maana nakuombea wewe kwa nguvu.